Partagás Serie D No. 4: alama zangu zinatofautiana sana ndani ya sanduku moja, nakosea wapi?

Kaskazi_Dar

Wakuu salaam. Nina sanduku la Partagás Serie D No. 4, biri kumi, zile sigara nene za Cuba zinazosokotwa kwa mkono. Nimeshavuta tatu na kila moja nimeiandikia alama kwa mia. Ya kwanza nimeipa 91, ya pili 78, ya tatu 84. Sanduku ni hilo hilo, na muhuri wa mwezi na mwaka chini yake ni mmoja. Ya pili ilikuwa ngumu kuvuta tangu mwanzo, uchungu ukaingia kabla ya nusu, na ilipokaribia pete ya karatasi yenye jina jasho jembamba likanitoka. Ya tatu iliungua upande mmoja, upande wa pili ukabaki umechomoza kama ubavu wa mtumbwi.

Wanaoijua kazi hii naomba mnisaidie. Tofauti ya alama 13 inatoka kwenye biri au kwa mvutaji? Na mtu akisema biri ni nzito anapima nini hasa, nikotini au ladha? Zinakaa kwenye sanduku lake la mbao, kabatini, chumba hakina AC.

JaniLaJuu

Mkuu Kaskazi, nianze na uzito, maana ukiuchanganya na nguvu alama zote zinapinda.

Haya ni mambo matatu, na kila moja lipewe mstari wake kwenye karatasi. Nguvu ni nikotini: unaisikia tumboni na kichwani, si mdomoni. Uzito ni namna moshi unavyokaa kinywani. Kuna moshi mwepesi kama maji, kuna wa maziwa, kuna unaojaza mdomo kama uji na kuuacha ulimi umefunikwa. Ladha ni vile unavyovitambua ndani ya moshi huo. Biri inaweza kuwa na nguvu ya kukuangusha na moshi wake ukawa mtupu, na nyingine ikajaza mdomo bila kukuzungusha kichwa. Nikotini haipewi alama hata moja. Iandike tu kama taarifa: ndogo, ya wastani, kubwa.

D4, yaani hiyo Serie D No. 4 yako, uzito wake unaanzia shambani, Vuelta Abajo kule Pinar del Río, Cuba. Majani ya juu ya mmea, ligero, hupigwa na jua zaidi, huwa mazito, yana mafuta na nikotini nyingi, na huungua polepole. Ya katikati, seco, yanaleta harufu. Ya chini, volado, kazi yake kubwa ni kuubeba moto. Mchanganyiko ukiegemea ligero unapata biri ya aina hii. Sasa, kwa kuwa ligero ni mzito kuungua, msokotaji huulaza katikati kabisa ili seco na volado ziuzunguke. Ukihamia pembeni, upande ule unachelewa na biri inaungua kama ulivyoeleza. Kwa hiyo ile ya tatu inaweza kweli kuwa kosa la mkono wa msokotaji. Lakini kuna sababu nyingine tatu au nne zinazoleta sura hiyo hiyo, na kabati lako naliona ni mojawapo.

Ukitaka kuuelewa uzito bila kuuchanganya na aina ya ladha, ilinganishe D4 na Padrón 1964 Anniversary yenye jani la nje la maduro, yaani jeusi. Ile ni tumbaku ya Nicaragua tupu, majani yamezeeshwa angalau miaka 4. Zote mbili ni nzito. Padrón inakwenda kwenye kakao na kahawa yenye utamu kwa mbali. D4 inakwenda kwenye udongo uliolowa, pilipili manga na ngozi, kisha mbao. Anayempa mmoja alama nyingi kwa sababu tu hakufanana na mwenzake hajaonja, amechagua.

Chumvi75

Kabla hatujamfikia msokotaji, tufungue kabati. Hewa ya Dar mara nyingi iko juu ya asilimia 75 ya unyevu, na chumba bila AC mchana kinakaribia nyuzi 30. Sanduku la mbao halizuii chochote, linapumua. Biri zako zimekunywa maji.

Biri iliyolowa majani yake ya ndani yanavimba, njia ya hewa inabanwa, mvuto unakuwa mgumu. Mvuto ukiwa mgumu unavuta kwa nguvu na kwa haraka, moto unapanda, uchungu unakuja. Wakati huo huo jani la nje lililolowa linagoma kuungua sawasawa. Hapo biri ya pili na ya tatu zote zimepata maelezo kabla ya kumtaja msokotaji wa Havana.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko alama. Joto likizidi nyuzi 24 hivi, mayai ya fukusi wa tumbaku, kama yamo, yanaanguliwa. Mdudu wenyewe ni wa kahawia, milimita 2 hadi 3. Alama yake ni tundu la mduara kama la sindano nene na unga laini chini ya biri. Angalia leo hii. Ukikuta tundu moja, zote saba ziingie mifuko miwili ya plastiki yenye zipu, hewa itolewe, zikae friji siku moja, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri siku tatu au zaidi, zirudi friji siku moja, halafu nje hadi zipate joto la chumba *ndipo* ufungue mfuko. Ukiruka hatua ya friji, jani la nje linapasuka. Ukifungua mapema, umande unatua juu ya biri.

Kuhifadhi: chukua kontena la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko, ambalo halijawahi kukaa vitunguu wala samaki. Ndani weka biri, pakiti ya unyevu ya asilimia 65 ya aina inayotoa na kunyonya, na haigromita, kile kipimo cha unyevu wa hewa. Kontena likae chumba chenye AC au friji ya mvinyo iliyowekwa nyuzi 18 hadi 20. Friji ya jikoni hapana.

Haigromita usiiamini mpaka uipime. Jaza kifuniko cha soda chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo kidogo mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na haigromita kwenye mfuko wa zipu kwa saa 24. Inatakiwa isome 75. Ikisoma 71, basi inapunguza 4, na kila utakachosoma uongeze 4. Haigromita za bei ndogo kukosea 5 ni jambo la kawaida, na hiyo 5 ndiyo tofauti ya biri nzuri na biri iliyoziba.

Zitakauka kwa muda gani? Usikisie. Weka alama biri moja, ipime kwenye mizani kama ya sonara kila wiki. D4 kwa kawaida iko kati ya gramu 11 na 12. Uzito ukikaa palepale wiki mbili mfululizo, zimetulia. Zilizolowa hivyo tegemea wiki nne hivi.

Kilima_Moto

Niongeze upande wa kuvuta, kwa vipimo, maana wengi wanaipa biri alama za mikono yao wenyewe.

D4 ina urefu wa milimita 124 na geji 50, yaani sehemu 50 kati ya 64 za inchi, pungufu kidogo ya milimita 20 kwa unene.

Kukata: milimita 2 kutoka kichwani, ncha inayoingia mdomoni, si zaidi. Itazame kofia, kipande cha jani kinachofunika kichwa, karibu na taa, utaona mstari mwembamba pale ilipogundishwa. Ukikata chini ya mstari huo, jani la nje linaanza kufunguka kama bandeji na hakuna gundi itakayokuokoa. Kisha vuta bila kuwasha. Unatakiwa usikie hewa inapita kama unakunywa soda kwa mrija wa kawaida. Ikiwa kama unavuta uji kwa mrija, usiiwashe. Na andika ladha ya mvuto huo mkavu. Kwa D4 mara nyingi ni mbao, nyasi kavu na kitu kinachochoma ncha ya midomo.

Kuwasha: kiberiti cha gesi ya butani au njiti ndefu ya mbao. Cha petroli kinaacha harufu inayokufuata robo saa. Njiti iache salfa iungue kwanza, sekunde tatu. Mguu wa biri, ncha inayowashwa, usiingie ndani ya moto. Uweke sentimita moja hadi mbili juu ya ncha ya moto, umeinama, na uzungushe. Utaona ukingo unakuwa mweusi, halafu mstari mwembamba wa rangi ya chungwa unatambaa kuelekea katikati. Puliza taratibu mguuni: pale pasipong'aa ndipo pa kurudisha moto. Kazi nzima ni sekunde 30 au 40. Anayeunguza upande mmoja na kuanza kuvuta ameshaitengeneza ile sura ya mtumbwi kabla ya mvuto wa tatu.

Mwendo: mvuto mmoja kila sekunde 45 hadi 60, wenye urefu wa sekunde mbili au tatu, moshi uishie mdomoni. Ukiacha kipande cha milimita 30 na kitu mwishoni, unabaki na milimita 90 za kuvuta, yaani sehemu tatu za milimita 30. Kila sehemu ichukue dakika 20 hivi. Weka saa mezani. Ukimaliza ya kwanza kwa dakika 12, uchungu wa sehemu ya pili ni wako.

Ikiungua upande, ugeuze upande unaochelewa uangalie chini, kule unapata hewa zaidi. Ipe mivuto mitano. Ikizidi milimita 5 ya tofauti, gusa ule upande kwa moto na uandike umegusa mara ngapi.

Iliyoziba kwa unyevu iache mezani siku moja nje ya kontena kabla ya kuivuta, itafunguka.

Chumvi75

Kaka Kilima, yote safi ila hilo la mwisho usimpe mtu wa Dar. Nairobi mwezi wa pili mchana hewa ni kavu, meza inakausha. Dar meza inalowesha. Akiiacha usiku mmoja itaamka mbaya kuliko ilivyolala. Kwa pwani nzima, kuanzia Mombasa mpaka Mtwara, kausha ndani ya kontena lililofungwa lenye pakiti ya asilimia 62, siku tatu hadi tano.

Kilima_Moto

Kweli kabisa, nimejibu kwa hewa ya huku. Afuate hilo la pakiti.

Mizani_Tatu

Sasa alama zenyewe. Kaskazi, hukutuambia mia yako umeigawa vipi, na nadhani hukuigawa. Mtu akiandika namba moja mwishoni, anaandika jinsi dakika kumi za mwisho zilivyomtendea.

Karatasi ninayoipendekeza kwa biri nzito ni hii:

Muonekano, 10. Jani la nje, mishipa yake, mshono, na kubonyeza kwa vidole viwili kutoka mguu hadi kichwa. Inatakiwa ibonyee na kurudi. Pakiwa pagumu kama penseli, hapo pana fundo. Pakiwa laini, pana shimo, na moto utakimbilia hapo.

Mvuto, 15. Moto na jivu, 15. Jivu la D4 nzuri ni la kijivu na linashika milimita 20 na kitu bila kudondoka. Lakini msiliabudu jivu. Ni ushahidi wa jinsi majani yalivyopangwa, si ladha.

Ladha, 35. Hapa iandikwe kwa kila theluthi peke yake, wakati huo huo, si baadaye. Kila baada ya mivuto minne au mitano, toa moshi puani: uvute mdomoni, theluthi mbili zitoke kwa mdomo, ule uliobaki usukume polepole upitie pua. Usiumeze wala usiupeleke mapafuni. Mdomo wenyewe unatambua chumvi, uchungu, utamu na uchachu. Pilipili manga, mwerezi, kakao na kahawa zinakaa puani. Asiyetoa puani anaonja nusu ya biri. Na tumieni majina ya vitu mnavyovijua. "Korosho iliyokaangwa ikaungua kidogo" linaniambia kitu. Jina la tunda la Ulaya ambalo mwandishi hajawahi kulishika halinisaidii.

Mabadiliko na urari, 15. Je, theluthi ya pili imeleta kitu, au ni ile ile iliyochoka? D4 inapokuwa sawa inaanza na pilipili mapema, pilipili inashuka, katikati panafunguka kahawa na ngozi, mwishoni udongo na pilipili vinarudi pamoja. Kama pilipili haishuki kabisa, punguza hapa.

Ladha inayobaki, 10. Ukishaiweka chini, hesabu dakika. Kinachobaki baada ya dakika tano ni kahawa, au ni lami?

Jumla 100. Kinywaji ni maji ya kawaida tu, yasiyo baridi. Kahawa chungu na wiski ni vizuri kwa starehe ila vinaiba alama au kuzitoa bure. Kama unaweza, mwenzako avue pete na kuzipa namba, D4 mbili na biri nyingine ya unene huo huo. Jina likiondoka mezani, namba huwa zinasogea.

Kuhusu iliyoziba: kasoro ya biri inahesabiwa, kasoro ya mvutaji haihesabiwi. Umeihifadhi vizuri, umeivuta taratibu, na bado imeziba? Ikate alama 12 kati ya 15 za mvuto bila huruma, kwa sababu kwenye biri ya bei hii mnunuzi amelipia mkono wa msokotaji. Lakini ikiwa imetoka kabatini Dar, hiyo 78 uifute. Haikupima D4, ilipima kabati.

JaniLaJuu

Nakubaliana na karatasi ila nina neno kwenye kuziba. Kuna sindano maalumu ya kutobolea, inapita kichwani hadi kwenye fundo na kulivuta. Ikifunguka kwa sindano, mimi napendekeza ladha ipewe alama zake kamili na mvuto ukatwe. Biri ya mkono ina bahati yake. Msomaji anahitaji kuzijua zote mbili: tumbaku ni nzuri kiasi gani, na kati ya tatu ngapi zimesokotwa vizuri.

Kaskazi_Dar

Nashukuru sana wakuu. Nimeangalia, hakuna tundu wala unga. Mambo mawili yamebaki. Biri ya kwanza kati ya zile tatu ilikuwa na harufu ya kuwasha pua dakika tano za mwanzo, kama dawa ya kusafishia sakafu. Na lile jasho, nalizuiaje bila kuacha theluthi ya mwisho? Maana bila hiyo karatasi haijai.

JaniLaJuu

Harufu hiyo ni amonia. Inatokana na uchachushaji wa majani ambao bado haujatulia, na huonekana zaidi kwenye biri changa. Tazama muhuri chini ya sanduku: ENE ni Januari, ABR Aprili, AGO Agosti, DIC Desemba, namba zinazofuata ni mwaka. Kama haijatimiza mwaka mmoja, ipe miezi mingine sita kabla ya kuihukumu. Ukiikuta katikati ya kuvuta, puliza hewa kwa ndani kuelekea mguuni, taratibu, sekunde mbili tatu, uache dakika nzima. Njia hiyo hiyo inaondoa moshi uliolala kabla ya kuwasha upya iliyozimika.

Na ukiwa umeigeuza, uone maneno yaliyochomwa kwenye mbao: Hecho en Cuba, na Totalmente a mano. Sanduku la mfuniko wa kioo ni bandia, hapo hakuna mjadala.

Chumvi75

Jasho jembamba, kizunguzungu, kichefuchefu na mate kujaa ni nikotini imezidi. Moshi wa biri una alikali, kwa hiyo nikotini inapita kwenye ngozi ya mdomo hata usipoumeza. Ndiyo maana haikupigi papo hapo, inakuja dakika 30 au 40 baadaye, ukiwa umeshavuta nyingine nyingi. Kula kwanza mlo kamili, wali au ugali, saa moja kabla. Weka kashata au chai yenye sukari karibu. Dalili ikianza, weka biri chini, kula kitu kitamu, kaa penye hewa, usisimame ghafla. Usiimalize kwa ajili ya karatasi. Andika "imeachwa milimita 55 kwa sababu ya nguvu", theluthi ya tatu uiache wazi, uje uijaze kwa biri nyingine siku nyingine. Mbili kwa siku moja hapana, ulimi wa pili hauonji.

Na liandikwe hapa kwa anayesoma mara ya kwanza: kutokumeza moshi hakuifanyi biri kuwa salama. Saratani ya mdomo, ya koo na ya umio zipo palepale, na anayekaa pembeni anavuta bila kuuliza. Asiyevuta asianze kwa sababu ya uzi huu. Kwa wa Kenya, sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta hadharani nje ya maeneo yaliyotengwa.

Mizani_Tatu

Kaskazi, umebaki na saba. Zitulie kwenye kontena mpaka mizani iache kusogea. Halafu vuta tatu, kwa nafasi ya siku nne au tano, saa ile ile, baada ya mlo ule ule, karatasi ile ile. Zipange kwa ukubwa uchukue ya katikati, usitafute wastani. Ukipata 83, 89 na 90, andika 89, na pembeni "83 hadi 90, moja kati ya tatu ilitobolewa sindano". Nne zinazobaki zifunge, andika tarehe kwenye mkanda wa karatasi juu ya kontena, urudie zoezi baada ya mwaka. Zile 91, 78 na 84 usizichanganye humo.

Kaskazi_Dar

Sawa mkuu. Kontena na chumvi vipo, haigromita imesoma 70 kwenye chumvi, kwa hiyo naongeza 5. Biri niliyoiwekea alama imepima gramu 12.4.

Chumvi75

12.4 ni maji hayo. Anza na pakiti ya 62 wiki mbili za kwanza, kisha weka ya 65. Kila ukipima ishike kwa pete, usiishike kwa jani, na mizani uirudishe sifuri kabla.